Kuna Waliowahi Kuona Vinginevyo

Amoni Chilongani hakuwa na shahada ya sheria. Hakuwa na punje ya kupokelea sauti nyuma ya sikio, ile ambayo siku hizi watoto hupandikizwa pamoja na chanjo, kwa sababu mwili wake uliikataa kila alipojaribu, shingo ikavimba kama mtu aliyemeza ndizi nzima. Hakuwa na ndugu serikalini. Hakuwa na kiti kwenye meza ya wabia wa kampuni ya mawakili ya Ntambala na Wenzake, ingawa meza yenyewe aliichagua yeye kwa fundi. Hakuwa na mke, tangu Roda aliposema amechoka kulala na mtu anayeota katalogi. Hakuwa na subira na yeyote anayesema "tutaona." Na asubuhi ile ya Alhamisi, upepo wa Dodoma ukipiga vumbi kwenye vioo vya ghorofa ya saba, hakuwa na sababu hata moja ya kukataa kuweka sahihi.

Hati ya Ukamilifu ilikuwa mbele yake mezani. Ilisema kwamba yeye, mkutubi mkuu, anathibitisha kwa kiapo kuwa kila neno la sheria lililokuwa katika vitabu vya maktaba hii sasa limo ndani ya mashine iitwayo Maktaba Hai, na hakuna lililoachwa. Sheria haikuruhusu mashine ijithibitishe yenyewe. Alitakiwa mtu, mwenye jina na mwenye shingo ya kukamatwa.

Akishaweka sahihi, Jumatatu Maktaba Hai ingefunguliwa kwa nchi nzima. Mtu yeyote mwenye simu angeuliza sheria akajibiwa bure. Vitabu vya karatasi vingepelekwa kiwandani kusagwa. Na Mahakama ya Juu, kuanzia siku hiyo, isingesikiliza rejea yoyote ambayo Maktaba Hai haiitambui.

Siku hiyo aliipigania yeye mwenyewe. Miaka mingi nyuma alikuta wakili akimaliza asubuhi nzima juu ya ngazi akitafuta kesi moja, na mteja maskini akiilipia asubuhi hiyo pamoja na vumbi lake. Ndipo alipoapa kwamba atakomesha upuuzi huo kabla hajastaafu. Alijifunza usiku mambo ya mashine, akashindwa mitihani, akarudia, akashinda. Mikono ya chuma iliyofunua kurasa pole pole bila kuzichana aliiwekea vipimo yeye. Hata sauti ya mashine aliichagua yeye, sauti ya mama mtu mzima wa Singida, na ofisi nzima ikaizoea na kuiita Shangazi.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akaingia Salvina Mdemu, wakili wa ghorofa ya tano, amebeba viatu mkononi.

"Shikamoo, Mzee Chilongani."

"Marahaba, msomi. Mbona unahema?"

"Lifti imenikataa. Inasema mapigo ya moyo wangu si ya mtu wa kupanda lifti, nikatulie kwanza."

"Na umetulia?"

"Nimepanda ngazi nikiitukana." Akaketi juu ya rundo la vitabu vilivyokuwa vikingoja gari la kiwandani. "Mzee, Shangazi ananinyima Jaji Msowela. Nina rufaa Jumanne, wakulima wa zabibu wa Hombolo dhidi ya Wingu Jema. Bila Msowela sina cha kusimama nacho."

Kesi hiyo kila mtu mjini aliijua. Wingu Jema ilikuwa kampuni ya mvua. Ndege zake zisizo na rubani zilinyunyizia mawingu chumvi yakamwaga maji, na serikali ikailipa kwa kazi hiyo. Kisha kampuni ikaanza kudai malipo kwa wakulima waliokinga maji yale kwenye matangi yao. Zamani kidogo kesi kama hiyo ilifika mbele ya majaji watatu. Wawili walisema mvua ya kupandwa ni mali ya aliyeipanda, hata ikishaanguka juu ya bati la mtu. Hiyo ndiyo ikawa sheria. Wa tatu, Jaji Tabu Msowela, aliandika hukumu ya wachache: aliyeangusha mvua amefanya kazi, alipwe na aliyemtuma, mwenye bati hakumtuma.

Amoni akageukia kioo cha mezani, maana bila punje alilazimika kuongea na mashine kwa mdomo kama watu wa kale.

"Shangazi, nipe hukumu ya Jaji Msowela juu ya mvua."

"Kuhusu umiliki wa mvua ya kupandwa, Bwana Chilongani, kuna sheria moja tu iliyo hai," sauti ikajibu kwa upole. "Nikusomee?"

"Nimesema Msowela."

"Maneno ya Jaji Msowela yamepumzishwa."

"Nani kayapumzisha?"

"Ninyi."

Salvina akaangusha kiatu.

"Fafanua," alisema Amoni.

"Nilipewa mizani yenye vipimo vitatu. Hukumu inafuatwa na mahakama? Inatajwa na mawakili? Inaulizwa na wasomaji? Inayokosa yote matatu huwachanganya watu, basi naipumzisha na siionyeshi tena. Nimesikiliza rekodi zote za mahakama zilizohifadhiwa. Hakuna wakili aliyewahi kumtaja Jaji Msowela, wala msomaji aliyeniuliza habari zake kabla hajapumzishwa."

Mizani hiyo aliitunga Amoni. Alijivunia kazi hiyo. Akamtazama Salvina, naye Salvina akaanza kucheka kicheko kisicho na furaha.

"Hatumtaji! Mzee, wewe hujawahi kusimama mahakamani. Jaji aliyeshindwa hatajwi jina mbele ya wenzake waliomshinda. Ni kama kumtaja mke wa kwanza kwenye harusi ya wa pili. Unakohoa kidogo, unainamisha kichwa, unasema: 'Mheshimiwa, kuna waliowahi kuona vinginevyo.' Basi. Kama kesi ni ya mvua, benchi zima linajua unamsema Msowela. Wanatikisa vichwa, wanaenda kumsoma chumbani kwao. Sheria ya maji ya visima ilibadilika hivyo hivyo, na hakuna jina hata moja lililotamkwa."

"Shangazi," Amoni alisema taratibu, "mawakili wamesema 'kuna waliowahi kuona vinginevyo' mara ngapi?"

"Mara nyingi mno. Niliyaweka pamoja na 'naomba kuwasilisha' na vikohozi. Nilidhani ni salamu."

Chini barabarani gari la matangazo lilikuwa likiimba sifa za sabuni.

"Na wengine?" Amoni aliuliza. "Majaji wengine walioandika peke yao?"

"Wamepumzika wote, Bwana Chilongani. Maktaba sasa ni nyepesi sana. Majibu yanatoka haraka."

*

Eufrasia Ntambala, mbia mkuu, alikuwa akimenya karanga juu ya gazeti Amoni aliposimama mlangoni.

"Ingia, Amoni. Umekuja na uso wa msiba."

"Ni msiba, Mama. Mashine imezika majaji."

"Imepumzisha. Nimesoma ripoti."

"Ripoti haikusema kwa nini. Imeidhani adabu ya mawakili kuwa usahaulifu. Ile desturi ya kutotaja jina, unaijua?"

"Niijue? Nimeifundisha mimi. Nusu ya mawakili wa mji huu wamejifunza kwangu namna ya kukohoa kabla ya kuyasema yale maneno."

Amoni hakulitegemea jibu hilo. "Basi ulijua wamepotea. Hukuniambia."

"Sikukuambia kwa sababu mashine imekosea njia, lakini imefika panapotakiwa." Akasukuma gazeti kando. "Keti. Hutaki? Simama basi. Unamkumbuka Isaya wa Kondoa?"

Alimkumbuka. Nani asingemkumbuka?

"Kwenye majaribio ya kwanza tuliweka kila kitu wazi, kama unavyotaka wewe. Isaya akauliza sheria ya mipaka kwenye simu yake. Akapewa hukumu ya wachache, lugha tamu, hoja imenyooka. Akaamini ndiyo sheria. Akabomoa uzio wa jirani yake mbele ya mjumbe, huku anaisoma kwa sauti. Yuko wapi sasa?"

"Gerezani."

"Gerezani, na watoto wako kwa bibi yao. Mimi na wewe tuna mawakili, Amoni, tunajua kuchambua. Mwananchi anataka kuambiwa: hii ndiyo sheria, fanya hivi, usifanye vile. Ukimpa na maneno ya walioshindwa, umempa kisu kwenye giza."

"Tuziwekee alama. Nyekundu, juu ya ukurasa: hii ilishindwa, usiifuate."

"Watu hawasomi alama. Wewe mwenyewe mwaka jana ulikunywa dawa ya minyoo ya mbuzi, na chupa ilikuwa na picha ya mbuzi."

"Na minyoo ilikwisha."

Eufrasia akacheka hata karanga zikamtoka mkononi. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye akili kali, na Amoni alimheshimu kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Kwa sababu hiyo maneno yaliyofuata yalimchoma zaidi.

"Sikiliza. Najua Salvina ana wale watu wa Hombolo. Mimi si jiwe. Weka sahihi leo, nami nitaagiza Msowela arudishwe kwa mkono. Yeye peke yake. Jumanne atakuwemo, Salvina atakohoa, wakulima watapata nafasi yao. Maktaba itafunguliwa Jumatatu kama tulivyoahidi. Kila mtu atakuwa amepata."

"Na wale wengine?"

"Wengine hakuna anayewaulizia."

"Leo."

"Amoni, kurekebisha mizani yako ni kazi ya kufika hata masika yajayo. Nchi haiwezi kungoja. Kuna mjane mahali fulani anafukuzwa nyumbani kwake sasa hivi, na jibu lake limo mle ndani tayari. Unamwambia angoje kwa ajili ya majaji waliokwisha kufa?"

Mjane huyo Amoni alimjua. Hakumjua kwa sura, ila kwa miaka yote ya ngazi na vumbi alikuwa akimfanyia kazi yeye.

"Nipe mpaka saa tisa," alisema.

"Saa tisa. Na usiniletee hotuba."

*

Mgahawa wa upande wa pili wa barabara uliuza ugali wa mtama na mlenda, na mashine yake ya kuchukua oda ilikuwa imefunikwa kitambaa kwa sababu mwenye mgahawa hakuipenda. Salvina alikuwa amekwisha kufika. Pembeni yake alikaa Mele Ndahani, mwenyekiti wa wakulima wa zabibu wa Hombolo, mwanamke mkavu wa umbo na wa maneno, amekuja na kreti ya zabibu chini ya meza.

"Huyu ndiye mwenye sahihi?" aliuliza kabla ya salamu.

"Ndiye, Mama," alisema Salvina.

"Karibu, Chilongani. Kula zabibu. Hazina sumu, ila kampuni inasema ni zao."

Amoni akamweleza yote bila kuficha, toka mizani mpaka ahadi ya Eufrasia. Salvina hakungoja amalize.

"Weka sahihi, Mzee. Nakuomba. Nina watu ambao matangi yao yamefungwa kufuli. Nimepewa mtu mmoja ninayemhitaji, na nimepewa bure. Wewe unataka kunipokonya kwa ajili ya maktaba."

"Si kwa ajili ya maktaba."

"Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kusema ukweli kwenye karatasi? Watu hawanywi karatasi!"

"Na nikikataa, sheria inasemaje?"

Salvina akashusha pumzi. Alikuwa mkweli hata akiwa na hasira. "Mkutubi akikataa kwa kiapo, kwa barua ya karatasi iliyofungwa kwa lakiri, ufunguzi unasimama. Mpaka Msajili wa Mahakama ya Juu atakapoamua, vitabu vya karatasi vinaendelea kukubaliwa. Msajili akikubaliana nawe, namtumia Msowela Jumanne kutoka kwenye kitabu. Akisema ni ukaidi wa mzee mmoja, mashine inafunguliwa Jumatatu ile ile, Msowela hayumo, Mama Ntambala hadaiwi ahadi yoyote, na mimi nasimama mbele ya majaji kama mtu aliyesahau suruali."

"Ndiyo maana sikutaka kuamua bila huyu mama," alisema Amoni. "Maji ni yake."

Mele Ndahani alitafuna, akatema mbegu kwenye kiganja.

"Niulize swali. Kampuni wameweka mitambo mipya kule mlimani, inatoa ukungu alfajiri. Majani ya mizabibu yanaamka yamelowa. Juzi alikuja kijana wao na kifaa, anapima umande kwenye shamba langu. Umande! Nikamuuliza unaupimia nini, akasema ni takwimu tu, mama."

"Watakushtaki kwa umande," alisema Salvina polepole.

"Watanishtaki. Sasa, kuna jaji aliyewahi kuona vinginevyo juu ya umande?"

Amoni akasugua paji la uso. "Kuna mmoja aliandika juu ya ukungu. Kesi ya wafugaji. Alishindwa na wenzake."

"Yumo kwenye mashine yenu?"

"Hayumo."

"Na nikikubali huyu mmoja wa mvua arudishwe, wa ukungu atarudi?"

"Hatarudi. Na karatasi zake zitakuwa zimesagwa."

"Basi Jumanne nitashangilia, na mwakani nitarudi hapa hapa na kreti nyingine, na nyinyi wawili mtanitazama kwa huruma." Akafuta mkono kwenye kanga. "Mimi sikuja mjini kupewa jaji mmoja wa kuazima. Andika barua yako."

"Mama, tunaweza kupoteza kila kitu," alisema Salvina.

"Mwanangu, kufuli liko kwenye tangi langu, haliko kwenye lako." Kisha akamnyooshea Amoni kidole. "Lakini ukikosea, Chilongani, mizabibu ikakauka, nitahamia kwako. Nitalala kitandani kwako, wewe utalala sakafuni, na asubuhi utanipikia uji."

"Sijui kupika uji."

"Utajifunza. Si unapenda kujifunza?"

Salvina hakucheka. Aliondoka bila kumaliza chakula, na Amoni hakumlaumu.

*

Aliandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kwa sababu mashine siku hizi ziliweza kughushi kila mwandiko ila ule uliokandamiza karatasi. Aliandika akiwa meza moja na vitabu vilivyohukumiwa kusagwa. Aliandika kuhusu Isaya wa Kondoa, hakumficha, na akasema kwamba alama nyekundu inaweza isimtoshe mtu wa namna hiyo, na kwamba yeye hana dawa kamili ya jambo hilo. Aliandika kuhusu mjane anayengoja. Akaeleza desturi ya kutotaja jina, na namna mashine ilivyoidhani kuwa salamu. Akamaliza hivi:

*Mheshimiwa Msajili, maktaba hii niliijenga mimi na naipenda. Nataka ifunguliwe, na nataka mjane ajibiwe bure. Lakini leo inamwambia mwananchi kwamba wote waliokuwa na akili katika nchi hii walikubaliana siku zote. Huo ni uongo, nami siuwekei sahihi. Sheria ya leo iwekwe mbele, kubwa, isomeke. Waliopinga wawekwe nyuma yake, wapatikane kwa atakayewatafuta. Mpaka hapo, naapa kwamba haijakamilika.*

Kiapo kilihitaji mhuri wa Kamishna wa Viapo. Katika jengo lile makamishna walikuwa mawakili, na mawakili wote walilishwa na Eufrasia Ntambala. Amoni alikuwa akijiandaa kwenda kutafuta mwingine mtaani, jua likiwa kali, alipomwona Salvina mlangoni. Safari hii alikuwa amevaa viatu.

"Lifti imekubali?" aliuliza.

"Imekubali. Inasema nimetulia. Mashine za mji huu hazijui kitu." Akatoa mhuri kwenye mkoba. "Bado naona umekosea hesabu, Mzee. Umeuza ndiyo ya uhakika kwa labda."

"Basi usigonge."

"Kugonga si kukubaliana nawe. Ni kushuhudia kwamba wewe ndiye uliyeapa, na hujalewa. Inua mkono."

Akainua. Akaapa kwa sauti, kila neno, na Salvina akagonga mhuri kwa nguvu iliyotikisa kikombe.

Eufrasia Ntambala akaja saa tisa kamili, hakutuma mtu. Akaona barua. Akaona mhuri uliogongwa. Akamtazama Salvina, Salvina akainamisha kichwa, lakini hakurudi nyuma.

"Ukiituma, Amoni, huna kazi hapa kesho."

"Kesho nitakuwa kwa Msajili, Mama. Nisingefika kazini."

"Nimekukuza katika kampuni hii."

"Umenikuza. Ndiyo maana najua kusimama mbele yako."

Eufrasia akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Nitampelekea Msajili majibu yangu. Nitakupinga kila aya. Nitamleta mke wa Isaya aje kusema."

"Mlete. Anastahili kusikilizwa."

"Na nitashinda."

"Inawezekana," alisema Amoni. "Ukishinda, nitaomba barua yangu ihifadhiwe."

Akakunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha. Akawasha kijiti cha lakiri, akakiinamisha. Tone jekundu likaanguka, la pili, la tatu, yakaungana. Akakandamiza mhuri wa maktaba juu yake, akahesabu pumzi zake mpaka nta ikawa ngumu, akaubandua. Tarishi wa mahakama alikuwa akingoja koridoni na kofia yake ya pikipiki kwapani. Amoni akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Mkononi mwa Msajili," alisema. "Usimwachie karani."

Tarishi akaitia kwenye mfuko wake wa ngozi begani, akafunga kifungo, akashuka kwa ngazi. Muda si mrefu, watatu wale wakiwa wamesimama dirishani, wakaiona pikipiki ikitoka kwenye kivuli cha jengo na kukata kona kuelekea mahakamani.